Osteopathi: Mkono Unaouliza Kabla ya Kugusa

Katika toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache tu osteopathi, yaani tiba ya mikono inayolenga misuli, maungio na tishu zinazoyazunguka, na tangu hapo barua zimekuwa zikiingia moja baada ya nyingine, kuanzia ya mama mwenye mtoto mchanga hadi ya mzee wa miaka 78. Nimechagua zile zinazouliza yale ambayo wengi wameyauliza, nikazifupisha, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi. Mimi ni mtaalamu wa tiba hii na naipenda kazi yangu, na kwa sababu hiyohiyo nitaeleza bila kuficha pale ambapo mikono husaidia, pale ambapo husaidia kidogo, na pale ambapo haina kazi.

SWALI: Mshauri, nasikia watu wakisema wamekwenda osteopathi kama vile wanavyosema wamekwenda kuchuliwa. Je, ni kitu kimoja? Inatofautianaje na fisiotherapia, ile tiba ya viungo kwa mazoezi? Na jina hili limetoka wapi?

JIBU: Si kitu kimoja, ingawa mtu akichungulia dirishani anaweza kudhani hivyo. Anayekuchua hushughulikia msuli unaouma, na ukilegea amemaliza kazi yake. Mtaalamu wa osteopathi huanza kwa kuuliza maumivu yalianza lini, yanazidi saa ngapi, kama uliwahi kuanguka, unatumia dawa gani, unalalaje, na kama choo na mkojo viko kama kawaida. Kisha hukutazama ukisimama, ukiinama, ukigeuza shingo na ukivuta pumzi. Mgonjwa wa goti hushangaa anapoona nyonga na kifundo cha mguu vinapimwa kabla ya goti lenyewe kuguswa, lakini aliyewahi kutembea kutwa nzima na kiatu kilicholika kisigino upande mmoja anajua kwamba kosa linaweza kuwa chini na malalamiko yakatoka kiunoni.

Jina limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la mfupa na jingine la mateso, na aliyelitunga ni Andrew Taylor Still, tabibu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1828. Mwaka 1864 watoto wake watatu walifariki kwa homa ya uti wa mgongo, na tiba za wakati huo hazikuwafaa kitu. Msiba huo ulimfanya aitilie shaka kazi aliyokuwa akiifanya, na tarehe 22 Juni 1874 akatangaza njia yake mpya. Mwaka 1892 alifungua chuo mjini Kirksville, katika jimbo la Missouri, na tangu darasa la kwanza wanawake walipokelewa, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari vya siku hizo vilikuwa havijalikubali. Mwanafunzi wake mmoja, John Martin Littlejohn, ndiye aliyeanzisha chuo cha London mwaka 1917. Baadaye njia zikaachana. Nchini Marekani waliosomea osteopathi ni madaktari kamili wanaoandika dawa na kufanya upasuaji, ilhali Uingereza, Ufaransa na kwingineko kwingi ni wataalamu wa tiba ya mikono peke yake. Usipolijua hili utasoma habari za Marekani ukadhani zinamhusu mtu uliyemwona wewe.

Kwa kuwa wengi mmeuliza mkono mwepesi unafanya nini hasa, nitaeleza njia moja kwa karibu. Mgonjwa analalamika maumivu ya juu ya bega. Natafuta kwa ncha ya kidole mahali panapouma kuliko pengine, mara nyingi kwenye pembe ya juu ya mfupa wa bega, na tunakubaliana kwamba maumivu hayo tuyaite kumi. Kidole kikiwa palepale, nainua mkono wake polepole, nakigeuza kichwa chake kidogo, namuuliza imekuwa ngapi, nasogeza tena, hadi aseme tatu au mbili. Hapo natulia naye kwa sekunde 90, tukiwa kimya wote wawili, na mara nyingi nahisi chini ya kidole kile kilichokuwa kigumu kama kamba iliyokazwa kikilegea taratibu. Kisha namrudisha kwenye mkao wa kawaida, polepole kuliko nilivyompeleka, kwani ukimrudisha kwa haraka msuli hujikaza upya. Mwanzilishi wa njia hii ni Lawrence Jones wa Marekani, ambaye mwaka 1955 alikuwa akimtafutia mgonjwa aliyeshindwa kunyooka namna ya kulala bila maumivu, akamwacha katika mkao huo kwa muda, na mgonjwa alipoinuka akawa amenyooka.

Kuhusu tofauti na fisiotherapia, siku hizi ni ndogo kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri. Mwenzetu wa fisiotherapia hutegemea zaidi mazoezi, sisi hutegemea zaidi mikono, na aliye mzuri katika kila upande huazima kwa mwenzake.

SWALI: Mtoto wangu ana wiki saba. Kila jioni analia kwa saa mbili au tatu, anakunja miguu na uso unakuwa mwekundu. Daktari amempima akasema hana ugonjwa wowote. Jirani ananishauri nimpeleke kwa mtaalamu wa osteopathi amshike kichwa, kwa maelezo kwamba mifupa ya fuvu ilibanwa wakati wa kuzaliwa. Naogopa, lakini nimechoka. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, mama, kwa jioni hizo ndefu. Umekwisha kufanya jambo la maana kuliko yote, nalo ni kumfikisha mtoto kwa daktari kabla ya kumpeleka kwa mtu mwingine yeyote. Kilio unachokieleza, ambacho wengi hukiita chango au msokoto wa tumbo, huongezeka hadi kufikia kilele mtoto anapokaribia wiki sita, kisha hupungua chenyewe, na watoto wengi huwa wameachana nacho wanapofika miezi mitatu au minne. Ukiyaweka mahesabu hayo kichwani, utaona kwa nini karibu kila tiba inayoanzishwa katika wiki ya saba huonekana imefanya kazi.

Habari ya mifupa ya fuvu ilianza na William Garner Sutherland, aliyesoma katika chuo cha Still, na ambaye mwaka 1939 alichapisha nadharia kwamba mifupa hiyo husogea kwa mdundo ambao mkono uliofunzwa unaweza kuuhisi. Wenzangu wengi wanaiamini kwa moyo mweupe. Mimi siifuati, kwa sababu wataalamu wawili wanapopewa mtu mmoja waupime mdundo huo majibu yao hayalingani, na kipimo kinachobadilika kulingana na mpimaji hakiwezi kumwongoza mtu katika kutibu. Ni kweli kwamba mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijashikana, na utosi wa mbele kwa kawaida haufungi kabla ya miezi 9 na unaweza kuchukua hadi miezi 18, lakini kwangu hiyo ni sababu ya kuongeza uangalifu, si sababu ya kutafuta kitu cha kurekebisha. Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua kwa pamoja tafiti za tiba, walikusanya majaribio sita ya tiba za mikono kwa kilio cha namna hii, yenye jumla ya watoto 325. Mengi yalionyesha kilio kupungua, ila yalikuwa madogo, na katika mengi ya hayo wazazi waliokuwa wakihesabu saa za kilio walijua mtoto ametibiwa au hakutibiwa. Mzazi mwenye matumaini husikia kilio kifupi zaidi. Namwelewa, lakini siwezi kukuuzia matumaini hayo kama uhakika.

Basi kuna nini cha kufanywa? Kipo, ila ni kidogo na hakina maajabu. Mtoto akiletwa kwangu simwondoi mapajani mwa mama yake. Nanawa mikono, naipasha joto, na nguvu ninayotumia ni ile ya kugusa kope la jicho lililofumbwa. Nampa muda anitazame. Nasogeza uso wangu kulia, kisha kushoto, nione kama kichwa chake kinanifuata pande zote mbili sawasawa. Hili ndilo swali ninalolijali zaidi kwa mtoto wa umri huo, kwa sababu anayegeukia upande mmoja tu hulalia upande huo, kichwa kikaanza kubapa, naye hupata taabu kunyonya titi la upande wa pili. Msuli wa shingo ukiwa ndio unaovuta, nampeleka kwanza kwa daktari wa watoto ahakikishe hakuna sababu nyingine, kisha namfundisha mama namna ya kumbeba, upande wa kumsemesha, na namna ya kumlaza kifudifudi kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku akiwa macho na akiangaliwa. Usingizini alale chali, kila mara. Kazi kubwa hapo inafanywa na mama nyumbani, si na mimi.

Ukimpeleka kwa yeyote, asikunjwe, asipindwe mgongo, asivutwe shingo, na asininginizwe miguu juu. Sheria ya Ufaransa haimruhusu mtaalamu wa osteopathi asiye daktari kushughulikia fuvu, uso au uti wa mgongo wa mtoto aliye chini ya miezi sita bila daktari kuthibitisha kwa maandishi kwamba hakuna kizuizi, na hata pasipo na sheria hiyo mzazi anaweza kuifuata kama kanuni yake. Mrudishe hospitali mara moja akipata joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi, akitapika majimaji ya kijani, akitoa choo chenye damu, akikataa kunyonya, akilegea, au utosi ukivimba. Na jioni ile unapohisi mikono yako inatetemeka kwa uchovu, mlaze chali mahali salama, toka chumbani kwa dakika chache, umwite mtu akupokee. Mtoto hatikiswi kamwe, hata kwa sekunde moja, kwa sababu ubongo wake huumia.

SWALI: Nina miaka 41 na kutwa nakaa mbele ya kompyuta. Mgongo wa chini umeniuma kwa miezi minne. Nilitibiwa mara moja, mgongo ukalia kwa sauti, na mtaalamu akaniambia pingili imerudi mahali pake. Nafuu ilidumu siku tatu. Sasa ananitaka nije kila wiki kwa miezi sita. Je, nikubali?

JIBU: Usikubali, ndugu yangu, angalau si kwa masharti hayo. Pingili yako haikuwa imehama, na kama ingekuwa imehama kweli ungekuwa wodini, hungekuwa unaandika barua. Sauti uliyoisikia inatokana na hewa iliyomo katika ute wa ungio. Mwaka 2015 watafiti walipiga picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, za vidole vikivutwa, wakaona uwazi wa hewa ukitokea ndani ya ungio palepale ulipolia. Nafuu inayofuata ni ya kweli, kwa kuwa misuli hulegea na mishipa ya fahamu hutuma habari tofauti kwa muda, ila hakuna kilichorudishwa mahali pake, na sauti isipotoka haina maana kwamba tiba imeshindikana. Ninalichukia neno hilo la kurudi mahali pake kwa sababu humfanya mtu aogope mgongo wake mwenyewe. Anaacha kuinama, anaacha kubeba mtoto, na msuli usiotumika hudhoofika.

Ushahidi unasema nini? Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Ufaransa lililowahusisha watu 400 wenye maumivu ya mgongo kama yako. Nusu walipata vipindi sita vya osteopathi, kimoja kila wiki mbili, na nusu nyingine waliguswa kijuujuu tu kana kwamba wanatibiwa. Waliotibiwa waliweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi kidogo, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe walitia shaka kama mgonjwa angeihisi. Yapo majaribio mengine yaliyotoa picha nzuri kuliko hiyo. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu mgongo wa chini unakubali tiba ya mikono kwa sharti kwamba iende pamoja na mazoezi, isisimame peke yake. Nami hufanya hivyo: vipindi vitatu au vinne, mazoezi tangu siku ya kwanza, na tukifika cha nne bila mabadiliko unayoweza kunionyesha, kwa mfano kufunga kamba za viatu bila kukaa, nasimamisha na kumwandikia daktari wako. Wewe nyumbani inuka kwenye kiti kila nusu saa, hata kwa dakika moja, na anza kutembea kila siku.

Lipo jambo jingine ambalo sikuliona katika barua yako, yaani kwamba uliulizwa maswali kabla ya kuguswa. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mwanamume aliyekuwa amejikunja kwa maumivu ya kiuno, akataka nianze mara moja. Nilimuuliza kama anapojifuta chooni anahisi karatasi. Alinyamaza, akasema tangu jana yake hahisi vizuri, na mkojo umekuwa mgumu kuanza. Sikumgusa. Nilimtafutia usafiri wa kwenda hospitali, kwa sababu ganzi ya sehemu anayokalia mtu pamoja na mkojo kuziba ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo inabanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama mtu atabaki na udhaifu wa maisha. Hospitali pia ndiko anakopaswa kwenda mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kupungua uzito bila sababu, maumivu ya usiku yasiyobadilika kwa mkao wowote, mguu unaozidi kukosa nguvu, historia ya saratani, au kuanguka kwa kishindo.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi saba na nyonga zinaniuma ninapogeuka kitandani. Je, tiba hii ni salama kwangu na kwa mtoto?

JIBU: Ikiwa ujauzito wako hauna matatizo na mkunga au daktari wako anajua unakokwenda, tiba nyepesi ya misuli ya mgongo na nyonga huvumilika vizuri. Nchini Marekani lilifanyika jaribio kwa wanawake 400 katika miezi mitatu ya mwisho. Waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida pekee, lakini hawakuwapita waziwazi wale waliopitishiwa kifaa cha ultrasaundi kisichokuwa na tiba yoyote ndani yake. Kwa maneno mengine, kulala mahali tulivu na kuhudumiwa na mtu anayekusikiliza ni sehemu kubwa ya nafuu hiyo, na sioni aibu kulisema.

Utibiwe ukiwa umelala ubavu, mto mmoja chini ya tumbo na mwingine katikati ya magoti, kwani kulala chali muda mrefu katika miezi hii kunaweza kuubana mshipa mkubwa wa damu ukahisi kizunguzungu. Tumbo lisikandwe, na asiwepo anayekuahidi kumgeuza mtoto. Usiku, kabla ya kugeuka, kunja magoti yote mawili, yabanie pamoja, kisha geuza mabega na nyonga kwa wakati mmoja kama gogo linavyoviringika. Wengi huniambia hilo pekee liliwapunguzia nusu ya maumivu. Ukitokwa na damu au maji, ukiumwa kichwa kikali na kuona ukungu, tumbo likikaza kwa vipindi, au mtoto akipunguza kucheza, usimtafute mtaalamu wa mikono, nenda unakojifungulia.

SWALI: Kijana wangu, nina miaka 78. Shingo haigeuki, hata mtu akikaa kando yangu lazima nizungushe mwili mzima ili nimtazame. Vipimo vilionyesha mifupa imedhoofika, na natumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwanangu anasema umri wangu si wa kuchezewa mifupa. Ana haki?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Mwanao ana haki kwa sehemu kubwa, na ningependa umsomee jibu hili. Kwa mtu mwenye mifupa dhaifu na anayetumia dawa hiyo, shingo haisukumwi kwa ghafla, haipindwi hadi mwisho wake, wala haivutwi. Ndani ya pingili za shingo inapita mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo, na ijapokuwa ni nadra, kusukumwa kwa nguvu kumewahi kuhusishwa na kuchanika kwa mishipa hiyo na kiharusi kufuatia. Hata kwa vijana mimi huiacha njia hiyo shingoni, kwa sababu zipo nyingine zinazotoa nafuu inayokaribiana bila kumweka mtu katika hatari hiyo. Kabla ya yote muone daktari wako, hasa ikiwa ugumu huo ulianza ghafla, au unakuja pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, ganzi mikononi, miguu kuyumba, au maumivu mapya ya kipaji cha uso na taya unapotafuna.

Daktari akiridhika, hivi ndivyo ningekuhudumia. Ungelala chali, kichwa kikiwa juu ya mito miwili, kwa kuwa mgongo uliopinda kidogo haupendi kitanda bapa. Ningekaa nyuma ya kichwa chako na kuweka ncha za vidole vyangu pale fuvu linapokutana na shingo, bila kubonyeza, kichwa kikivilalia kwa uzito wake chenyewe. Tungekaa hivyo kwa dakika tatu au nne, nikisikiliza pumzi yako. Baadaye ningekuomba ugeuze macho, si kichwa, kuelekea kulia, na usukume shavu dhidi ya kiganja changu kwa nguvu ya kusogeza karatasi mezani, tuhesabu hadi tano, ulegeze. Mara nyingi baada ya kulegeza shingo huruhusu hatua ndogo ambayo haikuwepo. Tungerudia mara tatu, na kwa upande wa pili vilevile. Kisha ningehamia kwenye mbavu za juu na mgongo ulio katikati ya mabega, maana shingo haigeuki peke yake, na kwa wazee wengi ninaowaona kizuizi kikubwa kiko hapo chini.

Sikuahidi shingo ya kijana. Maungio yaliyochakaa hayarudi kuwa mapya, na siku moja au mbili za kuhisi mwili umechoka baada ya kutibiwa ni jambo la kawaida. Ninachotarajia ni nyuzi chache za kugeuka, ambazo ukizitunza kwa zoezi hilohilo la macho asubuhi na jioni, zinaweza kutosha kumwona anayekaa kando yako. Nimeona wazee wakifurahia nyuzi hizo chache kuliko kijana anavyofurahia mgongo mzima. Na tafadhali usiendeshe gari wala baiskeli barabarani wakati bado huwezi kutazama nyuma.

SWALI: Nina pumu, na mdogo wangu ana kisukari. Je, osteopathi inaweza kutuondolea dawa?

JIBU: Hapana. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba tiba ya mikono hudhibiti pumu, na kwa kisukari sina sababu yoyote ya kukupa tumaini hilo. Hata kwa nimonia, ambako madaktari wa osteopathi wa Marekani walilifanyia kazi suala hili kwa bidii na kuchapisha mwaka 2010 jaribio la wagonjwa 406 wenye umri wa miaka 50 au zaidi, wote wakiendelea kupewa dawa zao, ulinganisho mkuu haukuonyesha tofauti ya uhakika katika siku za kukaa hospitali. Mwenye pumu anaweza kuja kwangu kwa sababu misuli ya mbavu imekaza baada ya kukohoa wiki nzima, nami nitamsaidia kwa hilo, huku dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni. Anayekuambia uitupe, mkimbie.

SWALI: Nitamjuaje mtaalamu aliyefunzwa kweli? Kila mtu siku hizi anajiita mtaalamu.

JIBU: Muulize alisoma wapi, kwa muda gani, na kama amesajiliwa na chombo chochote kinachoweza kumwajibisha. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya mafunzo ya osteopathi: kwa anayeanza bila taaluma ya afya ni saa 4200, ambazo kati yake zisizopungua 1000 ni za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Hiyo ni miaka, si kozi ya mwisho wa wiki. Nchini Uingereza jina hili linalindwa kwa sheria ya mwaka 1993, na asiyesajiliwa akijiita hivyo anavunja sheria. Penye sheria kama hiyo, jina lake litafutwe kwenye daftari la usajili. Pasipo na sheria, utabaki na cheti chake na macho yako, na hapo mimi ningetazama mambo ambayo cheti hakionyeshi: kama amekuuliza kabla ya kukugusa, kama anakueleza anachotaka kufanya na kungoja ukubali, kama anakubali kuacha ukisema acha, na kama yuko tayari kusema kwamba shida yako si ya mikono yake. Mtu anayekudai ulipie vipindi ishirini siku ya kwanza amekwisha kukujibu.

SWALI: Siku ya kwanza nivae nini, na nije na nini?

JIBU: Vaa nguo laini unazoweza kuinama nazo, kwani mara nyingi tiba nyepesi hufanyika bila kuvua nguo zote, na panapohitajika ngozi ionekane unapaswa kuombwa kwanza na kupewa shuka la kujifunika. Njoo na majibu ya vipimo ulivyonavyo, na orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba na zile unazonunua bila cheti cha daktari, maana mara nyingi dawa inayobadilisha uamuzi wangu ni ile ambayo mgonjwa hakuiona kuwa dawa. Mtoto aje na mzazi au mlezi, na abaki naye muda wote. Mtu mzima naye, akitaka ndugu au rafiki akae chumbani, aseme anapopanga siku, akute kiti cha pili kimeshawekwa karibu na kitanda.